Shaka Inayoishia Mpakani

Mei 5, 2018, mji wa Trier, magharibi mwa Ujerumani, ulizindua sanamu ya shaba ya mzaliwa wake maarufu kuliko wote. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 200 tangu Karl Marx azaliwe. Sanamu hiyo, kazi ya msanii Wu Weishan, ilikuwa zawadi ya serikali ya China, na ukijumlisha kiguzo chake ina kimo cha mita 5 na nusu. Siku moja kabla ya uzinduzi, Rais Xi Jinping alisimama katika Ukumbi Mkuu wa Umma jijini Beijing, akammwagia Marx sifa na kuwahimiza wanachama wa Chama cha Kikomunisti warudi kumsoma.

Kuna vijana waliokuwa wameshamsoma, tena kwa makini. Miezi michache baadaye, wanafunzi na wahitimu wa vyuo vikuu kadhaa, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Peking, walisafiri kwenda kusini kuwaunga mkono wafanyakazi wa kiwanda cha Jasic huko Shenzhen. Kiwanda hicho hutengeneza mashine za kuchomelea vyuma, na wafanyakazi wake walitaka kuunda chama chao wenyewe cha kutetea haki zao. Vijana hao hawakuwa waliberali wanaoota kuigeuza China iwe Marekani. Walitoka kwenye vikundi vya kusoma Marx na Mao. Agosti 24, polisi walivamia nyumba waliyofikia katika mji wa Huizhou, wakawakamata watu wapatao 50.

Watakuwapo watakaosema huo ni unafiki tu, na kila dola ina wake. Neno hilo lina ukweli, ila halitufikishi mbali. Mnafiki husema hili akatenda lile. Beijing imekwenda hatua zaidi, imejenga hoja. Hoja yenyewe inasema kwamba China haiwezi kupimwa kwa mizani ya mgeni, kwa kuwa kila mizani ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana masilahi yake. Kisha, ndani ya mipaka ya nchi, dola hiyo hiyo inasema ukweli ni mmoja, unafahamika, na mlinzi wake ni Chama. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ina harufu ya Paris ya miaka ya 1960 na 1970. Nusu ya pili ina harufu ya Moscow ya Stalin. Ninalotaka kulisema katika makala haya ni kwamba nusu hizi mbili haziwezi kukaa pamoja bila askari, na kwamba sisi wasomaji wa Afrika, tunaopendezwa sana na nusu ya kwanza, tunapaswa kuiuliza maswali yaleyale tunayoambiwa tusiiulize nusu ya pili.

Safari ya nadharia

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili chuoni amekutana na usasaleo, walau alipolazimika kuzielezea Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi kwenye mtihani. Ni fikra inayotilia shaka simulizi kuu zinazodai kueleza historia yote ya mwanadamu: maendeleo, ukombozi, ushindi wa akili juu ya ujinga. Mfaransa Jean-François Lyotard aliieleza hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1979. Mwenzake Michel Foucault alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi maarifa na mamlaka yanavyozaana: anayeamua nani ni mwehu, nani ni mhalifu na nani ni mtu wa kawaida ndiye mwenye mamlaka, hata kama amevaa koti jeupe la daktari badala ya magwanda.

Wengi wa Wafaransa hao walikuwa wakiitazama China kwa matamanio. Foucault alikuwa karibu na vijana wafuasi wa Mao jijini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974, Mapinduzi ya Utamaduni yakiwa bado yanaendelea, Roland Barthes, Julia Kristeva na wenzao wa jarida la Tel Quel walikwenda China kwa ziara iliyopangwa na wenyeji wao tangu asubuhi hadi jioni. Kristeva alirudi akaandika kitabu kuhusu wanawake wa China. Barthes alirudi na madaftari ambayo yalichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, yakionyesha mtu aliyechoshwa na viwanda, hotuba na majibu yaliyokaririwa. Walikuwa mabingwa wa kusoma kilichofichwa nyuma ya maneno, na hapo walipitishwa mbele ya maneno yaliyoficha nyuma yake nchi nzima.

Nadharia ilirudi Beijing kwa njia nyingine. Mwaka 1985 Mmarekani Fredric Jameson, Mmarx kwa itikadi, alifundisha Chuo Kikuu cha Peking, na mihadhara yake ikatafsiriwa na kuchapishwa kwa Kichina muda mfupi baadaye. Miaka hiyo vijana wasomi wa China walikuwa na njaa ya kila kitu: Sartre, Freud, Weber, Nietzsche. Usasaleo ulikuwa sahani moja tu kwenye meza iliyojaa. Kilichoupandisha hadhi ni risasi za Juni 1989. Baada ya mauaji ya Tiananmen, kuzungumzia demokrasia na mwangaza wa akili kulikuwa ni kujitafutia balaa. Kuzungumzia upungufu wa mwangaza huo, na jinsi ulivyokuja Asia umepanda meli za kivita za wakoloni, kulikuwa hakuna hatari.

Mwaka 1993 jarida la Dushu, lililosomwa na kila aliyejiona msomi, lilianza kumjadili mhakiki Mpalestina Edward Said na kitabu chake Orientalism. Mwaka uliofuata, Zhang Fa, Zhang Yiwu na Wang Yichuan waliandika makala mashuhuri wakipendekeza China iachane na ndoto ya usasa wa kuazima na ijitafutie Uchina wake. Hapo ndipo Zhao Yiheng, aliyekuwa akifundisha London, alipotoa onyo. Mwaka 1995, katika jarida la Ershiyi Shiji la Hong Kong, alidai kwamba nadharia hizi zinapovuka bahari hubadilika tabia. Huko Magharibi zinamkosoa mwenye nguvu wa hapo zilipo. Zikifika China zinamkosoa mwenye nguvu aliye mbali, na yule aliye karibu zinampita kimyakimya. Alisema matokeo yake ni uhafidhina mpya uliovaa nguo za kisasa.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na si haki kuwaita wote waliokuwa upande wa pili vibaraka wa serikali. Wang Hui, mmoja wa wahariri wa Dushu tangu 1996 hadi 2007, aliitumia lugha hiyo ya ukosoaji kuonyesha jinsi soko huria na dola ya chama kimoja vilivyoshikana mikono kuwanyonya wakulima na wafanyakazi. Huyo hakuwa anaipapasa serikali. Lakini onyo la Zhao lilikuwa na macho marefu. Alichokiona kwenye majarida ya wasomi mwaka 1995 kilikuja kuwa lugha ya ikulu.

Chama kinajifunza kusema

Sidai kwamba wajumbe wa Politburo hulala na Foucault chini ya mto. Chama kilikuwa na vyanzo vyake. Mwaka 1938 Mao alikuwa amekwisha kutaka Umarx uvae sura ya Kichina, na mwaka 1982 Deng Xiaoping alizindua msemo wa ujamaa wenye sifa za Kichina. Nadharia mpya iliwapa viongozi msamiati wa kulisema jambo la zamani katika ukumbi wa kimataifa, ambako maneno ya Mao yangechekwa na maneno ya Foucault yangeheshimiwa.

Msamiati huo leo uko kila mahali. Maofisa wa China huzungumza juu ya huayuquan, yaani nguvu ya kusema ukasikika na kuweka masharti ya mjadala. Kwa maelezo yao, China imekwisha kupona kipigo na imekwisha kupona njaa, lakini bado inatukanwa, kwa sababu maneno ya dunia yanamilikiwa na Magharibi. Mwezi Agosti 2013, katika mkutano wa kitaifa wa propaganda, Xi aliagiza habari ya China isimuliwe vizuri. Mei 31, 2021, Politburo iliketi kumsikiliza Profesa Zhang Weiwei wa Chuo Kikuu cha Fudan akiwafundisha juu ya mawasiliano na dunia. Zhang ndiye aliyeeneza wazo kwamba China si nchi kama nchi nyingine. Kwake, China ni ustaarabu mzima uliovaa mwili wa dola, na hivyo inajieleza kwa vigezo vyake yenyewe. Desemba mwaka huo Beijing ilitoa waraka rasmi ukisema kuwa nayo ni demokrasia, tena inayofanya kazi. Demokrasia haikukataliwa. Lililokataliwa ni haki ya wengine kusema demokrasia ni nini.

Wakati huohuo, mlango wa ndani ulifungwa kwa komeo. Aprili 2013, miezi minne kabla ya hotuba ya kusimulia habari ya China, ofisi ya Kamati Kuu ilisambaza kwa makada waraka unaojulikana kama Waraka Na. 9. Uliorodhesha fikra saba za hatari: demokrasia ya kikatiba, maadili yanayodaiwa kuwa ya wanadamu wote, asasi za kiraia, uliberali mamboleo, uandishi wa habari wa mtindo wa Magharibi, kuikana historia ya Chama, na kutilia shaka mwelekeo wa mageuzi ya China. Mwandishi mkongwe Gao Yu alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 7 kwa kuuvujisha, kikapunguzwa baadaye kuwa miaka 5. Orodha ya mambo ambayo raia hawapaswi kuyaamini ilikuwa yenyewe siri ya dola.

Mtu anayeuelewa ubishi huu kutoka ndani ni Wang Huning. Alikuwa profesa Fudan kabla ya kuingia ofisi ya sera ya Kamati Kuu mwaka 1995, akawahudumia Jiang Zemin, Hu Jintao na Xi, na mwaka 2017 akaingia Kamati ya Kudumu ya Politburo. Alitembelea Marekani kwa miezi sita, mwaka 1988 na mwanzoni mwa 1989, na mwaka 1991 akatoa kitabu kinachoitazama nchi hiyo kama jamii inayojila yenyewe. Lakini mwaka 1988 huohuo alikuwa ameandika makala kuhusu utamaduni wa siasa wa China, akilalamika kuwa nchi yake ilikuwa imeyavunja maadili ya kale na ya kisasa bila kujenga kiini chake yenyewe. Kwa maneno mengine, mwanafikra mkuu wa Chama alijua kuwa shaka ni tindikali. Ukiimwaga kwa jirani inayeyusha madai yake, ukiimwaga nyumbani inayeyusha yako.

Kesi ya majabali ya Langya

Ukitaka kuiona tindikali hiyo ikizuiwa mlangoni, tazama kesi moja tu. Septemba 1941, katika milima ya Langya mkoani Hebei, askari watano wa Jeshi la Njia ya Nane la Kikomunisti waliwavuta Wajapani wawafuate wao ili kikosi chao na wanakijiji wapate kukimbia. Walipoishiwa risasi, inasimuliwa, walijirusha kutoka kwenye jabali badala ya kujisalimisha. Watatu walikufa, wawili walinusurika. Vizazi vya watoto wa China vimeisoma habari hiyo shuleni.

Mwaka 2013 Hong Zhenkuai, aliyekuwa mhariri katika jarida la historia la Yanhuang Chunqiu, alichapisha makala iliyolinganisha masimulizi mbalimbali ya tukio hilo yaliyotolewa katika miaka tofauti. Aliuliza maswali ya mtu wa nyaraka. Askari hao waliruka kutoka sehemu gani hasa? Wale wawili waliruka, au waliteleza wakanaswa na miti? Adui waliouawa walikuwa wangapi? Je, wakiwa na njaa waling'oa figili shambani mwa mkulima, ilhali jeshi lao lilikatazwa kugusa mali ya raia? Hakusema tukio halikutokea. Alisema simulizi zinapingana.

Watoto wa wale wawili walionusurika walimshitaki. Juni 2016 mahakama ya wilaya ya Xicheng jijini Beijing iliamua kwamba makala yake iliwavunjia heshima mashujaa na kuumiza hisia za umma, ikamwamuru aombe radhi hadharani. Rufaa yake ilishindwa. Mwezi uliofuata hukumu ya kwanza, jarida lenyewe lilivamiwa kiutawala: taasisi iliyolisimamia ilibadilisha uongozi wote, na mwanzilishi wake Du Daozheng, mkomunisti mkongwe aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 90, akatangaza kulifunga.

Sheria ikafuata nyuma ya hukumu. Sheria ya kuwalinda mashujaa na mashahidi wa taifa ilianza kutumika Mei 1, 2018, siku nne kabla ya sanamu ya Trier kufunuliwa. Machi 2021 kuwakashifu mashujaa kukawa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 3. Mwezi uliofuata, mamlaka ya intaneti ikafungua simu na tovuti ya raia kuripoti wanaoikana historia. Mei mwaka huo mwandishi wa habari wa zamani, mwenye wafuasi zaidi ya milioni 2 kwenye mtandao wa Weibo, alifungwa miezi 8 mjini Nanjing kwa kuhoji taarifa rasmi ya askari wa China waliouawa katika mapigano na Wahindi mpakani Himalaya mwaka 2020.

Alichokifanya Hong ni somo la kwanza la nadharia iliyotoka Paris: lisome simulizi la mwenye mamlaka, tafuta pale linapojipinga, uliza nani anafaidika nalo likibaki lilivyo. Beijing huwafanyia hivyo CNN na BBC kila siku, na mara nyingi kwa ustadi. Kuwafanyia wakoloni, sawa. Kuwafanyia waasisi wa Marekani waliomiliki watumwa, sawa kabisa. Kuyafanyia majabali ya Langya ni mahakamani. Mkuki kwa nguruwe.

Wapi China ina haki

Mtu asielewe kwamba ninaipuuza ile nusu ya kwanza. Vita vya Afyuni vya 1839 hadi 1842 vilipiganwa na Uingereza ili dawa za kulevya ziendelee kuuzwa, kwa jina la uhuru wa biashara. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalilipora kasri la Yuanmingyuan karibu na Beijing, kisha Waingereza wakalichoma, wakidai kuwaadhibu Wachina kwa kuwatesa mateka wao. Iraq ilivamiwa mwaka 2003 kwa silaha ambazo hazikuwapo, na demokrasia ikapewa kazi ya kusitiri aibu hiyo. Anayesema maneno makubwa ya Magharibi yametumika kama vifuniko vya wizi hasemi uongo, na hahitaji kusoma Foucault ili alione hilo. Sisi tuliowapata Waarabu wa biashara ya watumwa, Wajerumani wa Maji Maji na Waingereza wa Mau Mau tunalijua bila kufundishwa.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba maadili hayo ni mali ya Magharibi ni kuruka mto usiorukika. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilipoandikwa, makamu mwenyekiti wa tume chini ya Eleanor Roosevelt alikuwa Zhang Pengchun, mwanafalsafa na mtu wa tamthilia kutoka Tianjin. Ni yeye aliyewasumbua wajumbe wa Magharibi wakumbuke kwamba Confucius naye alifikiri juu ya utu, na aliyesaidia kuliepusha Azimio na lugha ya dini moja. Vijana wa Beijing walioandamana Mei 4, 1919 walidai sayansi na demokrasia kwa Kichina, dhidi ya watawala Wachina na Mkataba wa Versailles kwa pamoja. Chen Duxiu, aliyekuwa kinara wa fikra hizo, ndiye aliyekuja kuwa katibu mkuu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti. Na ng'ambo ya mlango wa bahari, Wachina wa Taiwan wamekuwa wakimchagua rais wao kwa kura ya moja kwa moja tangu 1996.

Halafu yupo Marx mwenyewe, Mjerumani aliyefia London, aliyedai kueleza historia ya wanadamu wote kwa kanuni moja. Ikiwa kila fikra ni ya mahali ilipozaliwa, Chama kinachotawala China kimesimama juu ya fikra ya kigeni kuliko zote. Kinatatua fumbo hilo kwa kusema Umarx umeolewa na utamaduni wa Kichina. Xi amelisisitiza hilo tangu Julai 2021, Chama kilipotimiza miaka 100. Vyema, ndoa inawezekana. Lakini kama Umarx uliweza kuolewa, kwa nini uhuru wa mahakama ukatazwe hata kuposwa? Jibu haliwezi kuwa ugeni, kwa sababu wote wawili ni wageni. Jibu ni kwamba mmoja unampa mtawala kazi na mwingine unampa mtawala mipaka.

Kiatu na mguu

Machi 23, 2013, katika ziara yake ya kwanza ya nje akiwa rais, Xi aliwaambia wanafunzi wa Moscow kwamba anayejua kama kiatu kinambana ni aliyekivaa. Siku mbili baadaye alikuwa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Julius Nyerere, akiwasifu Watanzania waliokuwa wakifuatilia tamthilia ya Mao Doudou na Mama Wakwe Zake iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ukumbi ulimpigia makofi, na hoja ya kiatu haikuwa ngeni kwetu. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuichukulie hoja hiyo kwa uzito wake wote, basi. Anayejua ni mvaaji. Mvaaji ni nani? Wafanyakazi wa Jasic walikuwa wamekivaa kiatu, wakasema kinabana, wakakamatwa. Wanafunzi waliosema kinawabana wafanyakazi walikamatwa nao. Gao Yu alionyesha fundi alivyokikata, akafungwa. Hoja inayodai kumpa mvaaji neno la mwisho imempa neno hilo muuza viatu. Nadharia iliyozaliwa ili kuuliza nani anasema kwa niaba ya nani inatumika kulizuia swali hilohilo lisiulizwe chini ya paa la nyumba.

Edward Said, ambaye jina lake limetumika sana Beijing, hakuikubali biashara hiyo. Aliwakosoa wataalamu wa Magharibi waliomchora Mwarabu wanavyotaka, na kwa kalamu hiyohiyo akamkosoa Yasser Arafat, Mkataba wa Oslo na tawala za Kiarabu. Mwaka 1996 Mamlaka ya Palestina ilipiga marufuku vitabu vyake. Kwake, shaka isiyofika nyumbani haikuwa shaka bado.

Na sisi

Jambo hili lina bei, na tunailipa pia. Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikisema kinachotendewa Wauyghur wa Xinjiang huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kambi ambazo Beijing huziita vituo vya mafunzo ya ufundi zilikuwa kiini chake. Oktoba, Baraza la Haki za Binadamu lilipiga kura kama ripoti hiyo ijadiliwe. Kujadili tu, si kulaani. Nchi 17 zilikubali, 19 zikakataa, 11 zikakaa kando. Miongoni mwa wajumbe wa Afrika, ni Somalia peke yake iliyopiga kura ya kukubali. Wengi walijieleza kwa lugha ya kutoingilia mambo ya wengine, lugha ambayo wakoloni walitufundisha kuipenda kwa kutuingilia. Lakini Muuyghur naye ametawaliwa na mtu wa mbali anayedai kumstaarabisha. Angetarajia tumtambue.

Mvuto wa hoja ya Beijing kwa watawala wetu unaeleweka. Anayeambiwa uchaguzi wake una kasoro hupata faraja akisikia kuwa kasoro ni mtazamo wa mgeni. Sisi Watanzania tuliwahi kuambiwa kwamba chama kimoja ndiyo demokrasia yetu ya asili, ya wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza hadi wakubaliane. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeijenga hoja hiyo kwa ufundi kuliko yeyote, na mwaka 1990 ndiye aliyesema hadharani kwamba kuujadili mfumo wa vyama vingi si dhambi. Miaka miwili baadaye sheria ikabadilika. Yaliyofuata tunaweza kuyabishania, na bado tunayabishania, lakini shaka ilitoka ndani na ikaruhusiwa kusema.

Tangu Februari 2022 ipo Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China wa takriban dola milioni 40 za Marekani, kwa ajili ya makada wa vyama sita vilivyoongoza ukombozi: CCM, ANC, SWAPO, FRELIMO, MPLA na ZANU-PF. Sioni ubaya makada wetu kuijifunza China. Nchi iliyowatoa mamia ya mamilioni ya watu kwenye ufukara ina mengi ya kufundisha. Nataka tu waisome yote. Waisome na ile ya Mei 11, 1978, gazeti la Guangming Ribao lilipochapisha makala iliyosema kipimo pekee cha ukweli ni matendo, wakati warithi wa Mao wakisisitiza kwamba kila alichoamua Mao ni sahihi milele. Makala hiyo ilifungua njia ya mageuzi yote ambayo Chama kinajivunia leo. Mwaka 1981 Kamati Kuu yenyewe ilipitisha azimio likikiri kwamba Mao alikosea vibaya katika Mapinduzi ya Utamaduni.

Kwa kipimo cha sheria za leo, baadhi ya waliofanya hayo wangeweza kushitakiwa kwa kuikana historia. China ilitoka shimoni siku ilipojiruhusu kujitilia shaka, na mwalimu wa Kibaha anayewaeleza makada wetu mafanikio ya miaka 40 bila kuwaeleza hilo anawaficha sababu. Kada akirudi nyumbani na hoja kwamba tusipimwe kwa mizani ya kigeni, mwananchi amkubalie bila kusita. Kisha amuulize mizani ya hapa nyumbani iko wapi, nani ameishika, na kama raia wa kawaida anaruhusiwa kuisoma kwa sauti.